Acheni Kutuuliza Mwandishi ni Nani

Kila mchezo wetu unapokwisha, kabla waigizaji hawajafuta jasho, mtu husimama ukumbini na kuuliza swali lile lile: "Nani kauandika?" Mara nyingi ni mwalimu, mara nyingine mwandishi wa habari. Tukimjibu kwamba tumeutunga sote, watu 11, kwa miezi mitano, uso wake hubadilika, na daftari alilokuwa amelifungua hulifunga. Akiwa mtu mzima mpenda methali hutukumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Methali hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na sasa naijibu, kwa sababu imani iliyo nyuma yake inatugharimu. Inawafanya vijana wenye vipaji waone haya kusema kwamba kazi yao ni ya kikundi. Inawafanya walimu wa sanaa za maonyesho wafundishe tamthilia kama vile ni riwaya iliyopangwa kwa mazungumzo. Imani yenyewe ni hii: sanaa ya kweli hutoka katika kichwa kimoja, na watu wakitunga pamoja hupata uji, kila mmoja katia kiungo chake na mwisho hakuna ladha inayotambulika. Kutunga pamoja, tunaambiwa, kunafaa kuhimiza watu watumie vyandarua na kunawa mikono. Sanaa mwachieni mtunzi.

Nasema imani hiyo ni ya uongo, na walioishika hawajawahi kukaa katika mazoezi ya kikundi kinachojua kazi yake.

Nianze na hao manahodha. Aliyesafiri kwa jahazi anajua kwamba nahodha peke yake hafiki popote. Yupo mshika usukani. Wapo mabaharia wanaovuta henza kuinua foromali, na wasipovuta kwa pamoja tanga halipandi hata nahodha akeshe akiamuru. Yupo anayekaa omo akipima kina kwa bildi, na akipaza sauti kwamba kuna mwamba, hakuna anayemuuliza cheo chake. Nahodha hugeuza chombo papo hapo, maana wakati ule mwenye macho ni yule wa omo. Methali inaonya juu ya watu wawili kutoa amri mbili kwa usukani mmoja, na onyo hilo nalikubali. Haikusema kamwe kwamba chombo kiendeshwe na mtu mmoja. Kikundi kizuri cha maigizo huendeshwa hivyo hivyo: amri ipo, ila humfuata anayejua jambo lililo mbele yetu kwa saa hiyo.

Ushahidi wangu mkubwa ni Kamĩrĩĩthũ. Kijiji hicho kiko Limuru, kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Kilizaliwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa nguvu ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, wakaanza na masomo ya watu wazima, kisha wakataka mchezo. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakapewa kazi ya kuandaa mswada. Naomba msomaji alishike neno hilo: wakapewa. Mswada ulikuwa kazi waliyotumwa na kijiji, kama fundi anavyotumwa kuchonga mlango.

Walipourudisha, ulisomwa hadharani, na hapo ndipo wasomi wawili walipokiona cha moto. Wazee walikagua lugha. Mhusika mzee akizungumza kama kijana walikataa, kwa sababu mzee wa Kigĩkũyũ haongei hivyo, ana methali zake na ana namna yake ya kuzunguka jambo kabla ya kulitaja. Mchezo ulihusu mkulima maskini, Kigũũnda, na hati ya ekari moja na nusu iliyotundikwa ukutani kwake, na jinsi tajiri alivyokuja kuichukua ardhi ile kupitia mkopo wa benki. Mambo hayo watazamaji waliyajua kwa miili yao. Waliowahi kulima mashamba ya wengine na kufanya kazi viwandani walijua mshahara unaisha siku ya ngapi ya mwezi. Mtunzi aliyeketi chuoni angeweza kukisia. Wao hawakuwa na haja ya kukisia.

Waliotengeneza bunduki za bandia za mchezo ule ni watu wale wale waliokuwa wakitengeneza bunduki za kweli za Mau Mau miaka 20 na ushee kabla. Mwongozaji gani duniani angempata mtaalamu wa namna hiyo kwa kumwajiri? Na katika mchezo kuna sehemu ya kuimbiana inayoitwa gĩtiiro, ngoma ya majibizano iliyokaribia kupotea. Sehemu hiyo ilitolewa, neno kwa neno, na mwanamke mkulima wa hapo kijijini asiyejua kusoma wala kuandika. Kalamu ilimfuata yeye.

Hata ukumbi ulibuniwa hivyo. Wanakijiji waliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti ardhini, wakabishana njiti iende wapi, wakatengeneza kielelezo kidogo, ndipo wakaujenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000. Mazoezi nayo yalifanyika mchana peupe. Mpita njia alisimama, akatazama na kukosoa, na kesho yake akarudi kuona kama amesikilizwa.

Mchezo wenyewe, Ngaahika Ndeenda, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walimiminika. Tarehe 16 Novemba mwaka huo serikali ilifuta kibali, na mwaka haukuisha kabla Ngũgĩ wa Thiong'o hajakamatwa na kuwekwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ, ambako alikaa hadi Desemba 1978.

Hapa ndipo wenzangu hunijibu jibu wanaloliona la mwisho. Bila Ngũgĩ, wanasema, kusingekuwa na kitu. Kipaji kilikuwa chake. Wanakijiji walipaka rangi tu. Jibu hili nimelifikiria sana kwa sababu linatoka kwa watu ninaowaheshimu, na naona linaangushwa na jambo moja la wazi kabisa. Maandishi ya Ngaahika Ndeenda yalichapishwa kama kitabu mwaka 1980, yakauzwa madukani. Machi 1982, baada ya kikundi kile kile kufanya mazoezi ya mchezo wao wa pili, Maitũ Njugĩra, na kukuta milango ya Ukumbi wa Taifa wa Kenya imefungwa, polisi walikwenda Kamĩrĩĩthũ na kuubomoa ukumbi ukabaki kifusi. Kitabu rafuni, ukumbi chini. Ikiwa nguvu ya mchezo ilikuwa katika kichwa cha mwandishi na katika karatasi zake, serikali ilikosea kwa kiasi cha kushangaza. Mimi nasema haikukosea. Ilijua hatari iko wapi, na ilijua vizuri kuliko wahakiki wetu: ilikuwa katika namna ya kufanya kazi, katika mkulima aliyegundua kwamba anaweza kumwambia mwalimu wa chuo kikuu "hapa umekosea" na mwalimu akafuta.

Wala mtu asidhani nasema Kamĩrĩĩthũ hakukuwa na uongozi. Kĩmani Gecaũ alikuwa mwongozaji, na aliongoza. Kuna kundi jingine la watu, marafiki zetu hawa, wanaotusifia kwa upuuzi kwamba katika kutunga pamoja hakuna mkubwa wala mdogo na kila wazo ni sawa na jingine. Sifa hiyo siitaki. Kila wazo si sawa na jingine. Siku mbaya kabisa katika kikundi ni ile ambayo watu wanaogopa kuambiana kwamba wazo hili ni bovu. Anayetunga peke yake anaweza kulipenda wazo lake bovu kwa miaka mitatu asipate wa kumzindua. Katika kikundi halimalizi juma, likimaliza siku. Wanaosema kutunga pamoja ni kuongeza kiungo juu ya kiungo hawajaona ni kiasi gani kinachotupwa. Sisi kwa mchezo wa saa moja na nusu tumewahi kutupa karibu saa tisa za maonyesho tuliyoyabuni papo kwa papo, na mengine yalikuwa mazuri. Tuliyatupa kwa sababu hayakuwa ya mchezo ule.

Nitoe mfano wa kwetu wenyewe, mdogo, lakini naujua kwa undani. Tulikuwa na onyesho la mwanamke anayekwenda kukopa samaki kwa muuzaji wa soko la Feri, Dar es Salaam. Mwigizaji wetu, binti hodari, aliingia jukwaani na kuomba: nikopeshe, nitakulipa Ijumaa, mume wangu hajapata. Ilikuwa safi. Ilisikitisha. Tulimwalika mama mmoja anayeuza samaki pale, akakaa kwenye benchi na mtandio wake begani, akatazama mpaka mwisho bila kusema neno. Nikamuuliza, "Mama, umeonaje?"

Akasema, "Mwanangu, anayekuja kukopa hasemi hivyo. Anayekuja kukopa anauliza watoto hawajambo. Anauliza mguu wa mama mkwe umepona. Anawasifia samaki, tena wale asiowataka. Mimi najua amekuja kukopa tangu alipoanza kusifia. Yule anayeomba moja kwa moja ana pesa, anataka kunipunja."

Tuliifumua sehemu nzima. Kwenye mchezo ulioonyeshwa, neno kukopa halitamkwi kabisa. Wanawake wawili wanaongea habari za watoto na mguu wa mama mkwe kwa dakika sita, na ukumbi mzima unaelewa, na unanyamaza. Hakuna hata mmoja wetu ambaye angeandika dakika zile sita akiwa peke yake mezani. Yule mama naye asingeziandika, alizijua tu. Zilihitaji ajue yeye, aone tofauti mwigizaji, na mwongozaji awe na ujasiri wa kutupa kilichokuwa tayari kimependeza. Uji uko wapi hapo? Kabla yake ndipo tulipokuwa na uji.

Ikiwa mfano wa kwetu ni mdogo, tazameni Afrika Kusini. Mwaka 1972 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walianza na picha ya mtu mmoja studioni, kashika kiko mkono mmoja na sigara mkono mwingine, wakajiuliza mtu huyu ni nani na kwa nini anatabasamu. Wakatunga wakiwa wamesimama, kwa kubuni na kurudia, chini ya sheria za pasi ambazo Kani na Ntshona walizibeba mifukoni. Kikatoka Sizwe Bansi is Dead. Mwaka uliofuata ukatoka The Island, juu ya wafungwa wawili wa Robben Island wanaojiandaa kuigiza Antigone. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora huko New York kwa michezo hiyo miwili. Nani atasema hizo ni kampeni za kunawa mikono?

Na mtunzi anayetajwa kila mara kama ushahidi dhidi yetu, Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alitupatia tamthilia zake mbili kwa Kiswahili, alikuwa mwigizaji na mbia katika kampuni ya waigizaji. Aliandika akijua sauti za wenzake. Mwishoni mwa kazi yake alitunga na John Fletcher, na The Two Noble Kinsmen ilichapishwa mwaka 1634 ikiwa na majina yao wote wawili. Kitabu kikubwa cha mwaka 1623 kilichoziokoa tamthilia zake nyingi kilikusanywa na waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, miaka saba baada ya kifo chake. Mtunzi wa peke yake, aliyejifungia chumbani na mshumaa, amechorwa baadaye na watu wa vitabu.

Ndiyo maana naamini kwamba chimbuko la imani hii ni uhasibu. Mtihani unataka swali lenye jina la mwandishi. Mchapishaji anataka mtu mmoja wa kusaini mkataba. Tuzo inataka mtu mmoja wa kupanda jukwaani kupokea hundi. Hayo ni mahitaji halali ya ofisi. Ila mahitaji ya ofisi yamepanda yakawa kipimo cha sanaa, na tumeyaacha yapande. Wakati huo huo kwenye rafu zetu wenyewe kuna Harakati za Ukombozi, iliyotungwa na wanawake watatu, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Kuna Ayubu ya kikundi cha Paukwa, iliyotoka kwa jina la kikundi. Na jina lile halikuchaguliwa hivi hivi. Kila aliyelelewa na hadithi anajua kwamba msimuliaji hutoa "Paukwa" na kungoja. Wasikilizaji wasipoitikia "Pakawa", hadithi haianzi. Lugha hii imemwekea msimuliaji sharti la kupewa ruhusa na walioketi mbele yake kabla hajafungua kinywa, halafu leo tunaambiwa kwamba utunzi wa pamoja ni jambo la kigeni tuliloletewa na semina.

Semina, kweli, zimetuharibia. Hapa nakiri kosa la upande wetu, kwa sababu wanaotubeza wameona mambo ya kweli. Neno "shirikishi" limetumika kufunika kazi nyingi za aibu. Kikundi kinapewa ujumbe uliokwisha kuandikwa ofisini, kinakwenda kijijini siku mbili, kinawauliza wanakijiji wachague kati ya majina mawili ya mhusika, kisha ripoti inasema jamii imeshiriki. Nimekuwa katika safari ya namna hiyo. Mzee mmoja alisimama akasema tatizo la kijiji chao ni kisima, na aliyetuongoza akamjibu kwa upole kwamba kisima hakimo katika mradi. Nilinyamaza. Mpaka leo kunyamaza kule kunanichoma.

Lakini wizi wa jina hauifanyi kazi yenyewe kuwa mbaya. Penina Mlama (ndiye yule yule Penina Muhando), Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982, kazi iliendelea hadi mwaka uliofuata. Walikaa, wakaondoka, wakarudi. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo, likiwamo la mimba za wasichana, wakayachambua, wakayaigiza kwa ngoma zao wenyewe, na mabishano yaliyofuata hayakuwa ya kuigiza. Anayelinganisha kazi hiyo na ziara ya siku mbili na posho analinganisha kulima na kupiga picha shambani. Muda ndio mizani. Kikundi kikikwambia kimetunga na watu, kiulize kimekaa nao siku ngapi, na kiulize walikataa nini.

Lipo lawama jingine, na hili ndilo linaloniumiza kweli, kwa sababu wanaolitaja wana haki. Kwenye jalada la Ngaahika Ndeenda kuna majina mawili. Yule mwanamke aliyetoa gĩtiiro hayupo jaladani. Vivyo hivyo mabango yetu: mama wa Feri hakuwekwa kwenye lolote, na nilipokuja kuligundua hilo mabango yalikuwa yamekwisha kubandikwa kutoka Posta hadi Mwenge. Tukisema mchezo ni wa wote halafu tukaandika majina ya waliosoma, tumefanya unyang'anyi ambao hata mtunzi wa peke yake hajaufanya, kwani yeye angalau hakumwambia mtu kwamba ni mwenzake. Dawa yake si kurudi kwenye jina moja. Dawa ni kuyaandika majina yote, na kugawana mapato kama tulivyogawana mazoezi. Wafaransa wa Théâtre du Soleil, kikundi kilichoanzishwa na Ariane Mnouchkine na wenzake mwaka 1964, walijiwekea kanuni ya mshahara sawa kwa wote, mwigizaji na fundi, mwongozaji naye akiwemo, na michezo yao imezunguka dunia. Kumbe inawezekana. Bango likijaa majina, na lijae. Mchapishaji akilalamika kwamba jalada halitoshi, atumie la nyuma.

Tangu siku ile ya mabango tumeanza kuweka daftari mlangoni mwa chumba cha mazoezi. Kila anayeingia na kusema jambo linalobaki katika mchezo, jina lake na neno lake huandikwa humo, na daftari hilo husomwa kwa sauti kabla ya onyesho la kwanza. Husomwa kwa dakika saba au nane. Kuna watazamaji wanaochoka. Nawaomba radhi, ila hatutaliacha.

Mama wa Feri alikuja kututazama usiku wa ufunguzi akiwa na binti zake wawili. Muuzaji wa jukwaani alipoulizwa habari za mguu wa mama mkwe, yeye alijibu kutoka kitini, kwa sauti, kabla ya mwigizaji. Ukumbi ukacheka, mwigizaji wetu akangoja, kisha akamjibu yeye. Kesho yake mchana alirudi mazoezini na marekebisho mawili. La kwanza, kwamba samaki wa jioni hawasifiwi kwa macho, wananuswa, tuliliingiza siku hiyo hiyo. La pili tulibishana naye hadi adhana ya magharibi, na bado hatujakubaliana.